Kapiga Kichwa Chini: Mwongozo wa Kumhudumia Aliyeumia Kichwa, Kuanzia Njiani Hadi Hospitali

Msimu mmoja wa korosho, katika kijiji kimoja cha Tandahimba, mkoani Mtwara, zililetwa kwetu habari za vijana wawili walioanguka na pikipiki moja. Wa kwanza alichanika kichwa kuanzia kwenye paji hadi karibu na sikio, shati lote damu, analia na kutukana. Wa pili hakuwa na alama zaidi ya uvimbe mdogo juu ya sikio. Alisimama, akajipangusa mchanga, akaomba maji, akasema yeye mzima. Watu wote wakamkimbilia yule wa damu. Wa pili akaenda kulala kwa shangazi yake. Saa nane usiku alisikika akikoroma vibaya, wakasema kachoka. Asubuhi hakuamka. Yule wa damu alishonwa nyuzi 11, na siku ya pili alikuwa anauliza pikipiki iko wapi.

Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi ya damu, ndiyo maana ikichanika kidogo tu nguo zinalowa. Inatisha, lakini damu hiyo unaiona na unaweza kuikandamiza. Damu inayovuja ndani ya fuvu haina pa kutokea. Chukua nazi: kifuu ni kigumu na hakitanuki, ndani mna nyama laini na maji. Ukiiangusha, kifuu kinaweza kubaki kizima huku vya ndani vimeshatikisika. Ubongo nao umekaa hivyo, umefunikwa na tando tatu, unaelea kwenye majimaji. Damu ikijikusanya humo, kinachobanwa ni ubongo, na sehemu yake ya chini kabisa ndiyo inayoendesha pumzi.

Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini utajiuliza swali moja tu: sasa hivi yuko vipi kuliko alivyokuwa nusu saa iliyopita?

Hatua ya 1: Angalia saa

Ukishahakikisha pikipiki au gari jingine haliwapitii pale barabarani, toa simu uone ni saa ngapi. Iandike. Kama huna karatasi, andika kwa kalamu kwenye mkono wa majeruhi mwenyewe. Hospitali wataiuliza saa hiyo kwa sababu iko dawa ya kuzuia damu kuvuja ambayo inasaidia ikitolewa ndani ya saa 3 tangu ajali, na baada ya hapo haina faida. Nimeona familia nzima ikibishana kama mtu alianguka kabla au baada ya adhuhuri wakati daktari ameshika sindano.

Andika pia kama alipoteza fahamu, na kwa muda gani. "Alizimia kidogo" haisemi kitu. Dakika 1 au 10?

Hatua ya 2: Pumzi, shingo, damu

Watu wetu wana huruma na mikono ya haraka. Mtu akianguka kutoka kwenye mkorosho au mnazi, kabla vumbi halijatulia ameshainuliwa, amekalishwa, amemwagiwa maji, na mmoja anamchua shingo. Acheni. Anguko lililoweza kuumiza kichwa linaweza pia kuvunja pingili ya shingo, na kichwa kikizungushwa ovyo mtu anaweza kupooza mikono na miguu akiwa mikononi mwa wanaompenda.

Mlaze alipo. Mmoja apige magoti nyuma ya kichwa chake, akishike kwa mikono miwili kisicheze. Sikiliza pumzi. Kukoroma kwa mtu asiyeamka si usingizi mzito. Ni ulimi umerudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Sukuma taya la chini mbele kwa vidole, bila kukunja shingo. Akitapika, mgeuzeni ubavu mwili mzima kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga, kama mnavyoviringisha gogo.

Kofia ngumu, ile ambayo vijana wa bodaboda wanaiita elementi, iacheni kichwani kama anapumua vizuri. Kama imeziba uso, au anatapika ndani yake, itolewe na watu wawili: mmoja anashika shingo na taya, mwingine anaivuta polepole.

Kidonda kinachotoka damu kikandamizwe kwa kanga safi, dakika 10 bila kufunuafunua. Ukihisi mfupa umebonyea au unacheza, kandamiza pembeni kuzunguka kidonda, usibonyeze katikati. Kitu kilichochoma na kubaki humo kisichomolewe. Majivu, ugoro, unga wa kahawa na mafuta ya taa havifai kwenye kidonda chochote, na hapa ni hatari zaidi, maana chini ya kidonda panaweza kuwa na ufa unaoelekea kwenye ubongo. Damu au majimaji mepesi yakitoka puani au sikioni, usizibe kwa pamba. Funika kwa kitambaa safi bila kukaza, yatoke.

Akishikwa na degedege, ondoa mawe na vijiti vilivyo karibu, usimtie kijiko mdomoni, na hesabu dakika. Zikifika 5 bila kuacha, hiyo ni dharura juu ya dharura.

Usimpe kula wala kunywa, hata maji ya sukari. Anaweza kutapika yakaingia kwenye mapafu, na anaweza kuhitaji upasuaji usiku huohuo.

Hatua ya 3: Mpime kwa maswali

Wauguzi na madaktari hutumia kipimo kilichotoka Glasgow, Uskoti, mwaka 1974, kazi ya Graham Teasdale na Bryan Jennett. Kinahesabu vitu vitatu: macho yanafunguka vipi (alama 4), anaongea vipi (5), na anasogeza viungo vipi (6). Mzima ana 15. Ya chini kabisa ni 3, si sifuri; hata maiti anapata 3, wanafunzi wa udaktari hupenda kulitania hilo. Kuanzia 13 hadi 15 huitwa jeraha dogo, 9 hadi 12 la kati, na 8 kushuka ni kubwa.

Wewe nyumbani huhitaji kuhesabu, lakini ukijua wanachotafuta utatoa maelezo mazuri. Mfano: macho yanafunguka ukimwita tu (3), anajibu lakini amechanganyikiwa (4), ukimwambia "inua mkono" anainua (6). Jumla 13. Vitabuni 13 ni jeraha dogo. Mimi neno hilo "dogo" silipendi, kwa sababu mtu aliyekuwa 15 saa moja iliyopita na sasa ana 13 anazama.

Maswali yenyewe yawe ya maisha yake. Unaitwa nani? Hapa ni wapi? Leo mmepeleka korosho chama gani? Nani alikuwa nyuma yako kwenye pikipiki? Na umuulize kwa lugha anayoota nayo. Bibi wa Newala aliyezoea Kimakonde akiulizwa tarehe kwa Kiswahili cha redio na kijana mwenye koti jeupe, atanyamaza, na ataandikiwa kwamba amechanganyikiwa. Nimeona pia kinyume chake: mzee wa Ruangwa anajibu kila kitu kwa Kimwera, muuguzi mgeni akadhani ni lugha ya mchanganyiko wa akili, mpaka mjukuu alipoingia na kusema, "Babu anaomba mkojo."

Kisha tazama mboni za macho kwa tochi ya simu. Zote mbili zinapaswa kulingana na kusinyaa mwanga ukizipiga. Mtu asiye na fahamu ambaye mboni moja imetanuka na haisinyai, maisha yake yanahesabiwa kwa dakika, si kwa saa.

Hatua ya 4: Ni nani anayekwenda hospitali sasa hivi

Hizi zibandike ukutani kwenye kijiwe cha bodaboda na ofisi ya chama cha msingi:

- alipoteza fahamu, au hakumbuki kilichotokea kabla au baada ya kuanguka;
- ametapika mara 2 au zaidi;
- kichwa kinauma na maumivu yanazidi;
- anasinzia wakati si wa kusinzia, anaongea ovyo, au amekuwa mkorofi ghafla;
- degedege;
- udhaifu wa mkono au mguu, mdomo kupinda, kuona vitu viwiliviwili;
- damu au majimaji puani au masikioni, weusi kuzunguka macho yote mawili, au uvilio nyuma ya sikio (weusi huu unaweza kuchelewa siku 1 au 2, na ni alama ya ufa chini ya fuvu);
- fuvu limebonyea, au kidonda kirefu chenye kuonyesha mfupa;
- anatumia dawa za kuzuia damu kuganda;
- ana miaka 65 au zaidi, hata kama anasema hajambo;
- alianguka kutoka juu zaidi ya mita 1, alirushwa kutoka kwenye chombo, au aligongwa akitembea kwa miguu.

Mita 1 si mbali. Tawi la kwanza la mwembe linazidi hapo, na mkwezi wa minazi akianguka hatuhesabu hata mita.

Mtoto mchanga hakuambii kichwa kinauma. Angalia kama anakataa ziwa, analia kilio kisicho chake, utosi umetutumka, au ana uvimbe laini unaobonyea kichwani. Mtoto wa chini ya mwaka 1 mwenye uvimbe wa namna hiyo aonwe siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: "Kalewa tu, mwacheni alale"

Sentensi hiyo imezika watu kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mabibo yanapoiva uraka, pombe ya mabibo hayo, unakuwepo kila kona, na gongo haikosi. Mtu anatoka kilabuni, anaanguka kwenye mtaro, anakutwa amelala, ananuka pombe. Hakuna anayeuliza zaidi.

Pombe inasinziza, inatapisha, inalegeza ulimi na miguu. Damu ndani ya kichwa inafanya hayohayo. Kwa macho tu huwezi kuzitofautisha, na daktari pia hawezi. Lakini pombe inapungua kadiri saa zinavyokwenda, na mlevi anazidi kuamka. Mwenye damu ndani anazidi kulala. Kwa hiyo mlevi aliyepiga kichwa anachunguzwa kama vile hakunywa, na anaamshwa kila nusu saa. Zaidi ya hapo, wanywaji wa muda mrefu damu zao hazigandi vizuri, kwa hiyo wao ndio hasa wanaovuja.

Hospitali pia watapima sukari kwa tone la damu kidoleni, kwa sababu sukari ikishuka nayo huleta sura ileile, na watapima malaria kama ana homa. Hayo yasiwafanye watulie. Mtu anaweza kuwa na malaria na damu kichwani kwa wakati mmoja.

Hatua ya 6: Safari

Kwanza namna ya kumbeba. Mshikaki, yaani majeruhi kukalishwa katikati ya dereva na ndugu kwenye pikipiki, usifanywe kwa mtu asiye na fahamu kamili. Kichwa kinaning'inia, shingo inapigwapigwa na kila shimo, na akitapika hakuna anayeona. Tafuta kirikuu, Noah, hata bajaji. Ng'oeni mlango muufanye machela, mlazeni juu yake, kanga zilizoviringishwa zikae pande zote mbili za kichwa, na mfungeni mwili wote kabla ya kufunga kichwa. Kitanda cha kamba kinabonyea katikati, kwa hiyo kama ndicho mlicho nacho, wekeni ubao juu. Namba 112 hupigwa bure kwa dharura, na zahanati au kituo cha afya kinaweza kuwaitia gari la wagonjwa. Mkiambiwa gari liko mbali, msikae kulisubiri huku Noah imeegeshwa mbele yenu.

Pili, wapi. Zahanati na kituo cha afya vinaweza kulinda pumzi, kusimamisha damu, kuweka dripu na kuandika rufaa. Hospitali ya wilaya inaongeza eksirei na upasuaji wa kawaida. Kwa mwenye dalili za hatari mnachohitaji ni mahali penye CT scan (mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa) na daktari anayeweza kufungua fuvu. Huku kwetu hesabu huanzia Ligula mjini Mtwara, Sokoine mjini Lindi, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Za misheni, Ndanda na Nyangao, zimeokoa wengi kwa sababu ziko kwenye njia kuu na zina wapasuaji waliozoea ajali. Kabla gari halijaondoka, anayewapa rufaa apige simu mbele yenu na aulize maswali mawili: mashine ya CT inafanya kazi leo? Na mpasuaji yupo? Mashine mbovu imewahi kuwarudisha watu barabarani usiku wa manane.

Kesi nzito humalizikia Dar es Salaam, MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, na kutoka Mtwara hadi huko ni zaidi ya kilomita 550. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofuatana na mvua kubwa, barabara ilikatika eneo la Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Ndiyo maana sishabikii wazo la "tumpeleke moja kwa moja Dar". Mtu anayezama anahitaji tundu kwenye fuvu katika saa chache, na saa hizo zinaisha kabla hamjavuka Rufiji. Atulizwe kwanza hapa karibu, pumzi na shinikizo la damu vikae sawa, ndipo madaktari wakubaliane kuhusu Dar, na kwa ndege kama inawezekana.

Tatu, nani anaamua. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, mjomba ana neno lake, na hilo ni jema. Lakini mjomba yuko Nachingwea na mtoto anatapika Kitangari. Mpigieni simu mkiwa tayari ndani ya gari: "Mjomba, tunaelekea Ligula, utukute huko." Sijamwona mjomba aliyekasirika kwa hilo.

Kuhusu PF3: kama ni ajali ya barabarani au ugomvi, karatasi hiyo ya polisi itahitajika. Atumwe ndugu mmoja akaifuate. Majeruhi asikalishwe kwenye benchi la kituo cha polisi, na matibabu ya dharura hayapaswi kuisubiri. Kadi ya bima ya afya na dawa zote anazotumia, ziingie kwenye mfuko uleule.

Hatua ya 7: Hospitali wanatafuta nini

Wataanza na pumzi na shinikizo la damu, si kichwa. Msikasirike. Ubongo ulioumia ukikosa oksijeni, au damu ikishuka nguvu kwa sababu wengu umepasuka, unaumia mara ya pili, na jeraha hilo la pili ndilo linaloweza kuzuiwa. Atavikwa kola shingoni. Watahesabu zile alama za Glasgow na kuzirudia. Ulizeni: "Sasa ana ngapi? Alipofika alikuwa na ngapi?" Swali hilo linamfanya kila mtu chumbani awe makini.

Kisha picha. Hapa ndipo ndugu wengi wanapopotezwa. Eksirei ya fuvu inaonyesha mfupa. Haionyeshi ubongo wala damu. Yule kijana wa Tandahimba angepigwa eksirei pengine wangemwambia fuvu zima, nenda nyumbani. Kinachoonyesha damu mbichi ni CT scan, mashine inayopiga picha za vipande kama mkate uliokatwa, kwa dakika chache tu. Mgonjwa wa kwanza kupigwa picha hiyo alikuwa London mwaka 1971, na kabla ya hapo mara nyingi wapasuaji walilazimika kutoboa kwa kubahatisha upande. MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, inaona zaidi kwenye majeraha madogo ya ndani kabisa, lakini ni ya polepole na haifai kwa mtu anayehangaika kitandani. Si kila aliyegonga kichwa apigwe CT, hasa mtoto, maana ina mionzi. Mtoto aliyejigonga kwenye meza, akalia, akanyamaza na kurudi kucheza, anatazamwa tu.

Wanaweza kukuta nini? Mtikisiko wa ubongo: picha safi, lakini ubongo umechoka. Ufa wa fuvu. Michubuko ya ubongo wenyewe, ambayo huvimba zaidi siku ya pili na ya tatu. Damu kati ya fuvu na utando, ambayo mara nyingi hutoka kwenye mshipa uliopita juu kidogo ya sikio. Mwenye damu hii ndiye anayezimia, akaamka, akaongea vizuri, kisha akazama. Na damu chini ya utando, ambayo nitairudia mwishoni kwa sababu ya wazee.

Hatua ya 8: Matibabu

Kidonda husafishwa vizuri, hushonwa, na sindano ya pepopunda hutolewa. Mchanga ukibaki ndani, usaha unafuata.

Damu iliyojikusanya na kusukuma ubongo hutolewa kwa upasuaji: tundu, au dirisha la mfupa linafunguliwa, damu inatolewa, mshipa unafungwa. Neno "kupasuliwa kichwa" linafukuza familia nyingi, na baadhi huomba kuondoka na mgonjwa wao. Nawaeleza hivi: kwa damu ile ya juu ya utando, mtu akiwahiwa, anaweza kurudi shambani akiwa mzima kabisa. Akicheleweshwa mpaka mboni zote mbili zimetanuka, upasuaji uleule hauna la kuokoa.

Wasio na damu ya kutoa lakini ubongo umevimba, kitanda kinainuliwa upande wa kichwa nyuzi 30, oksijeni inatolewa, na dripu ya manitoli au maji ya chumvi kali hununua muda. Wenye alama 8 kushuka mara nyingi huwekewa mrija wa kupumulia. Dawa ya kuzuia degedege hutolewa siku 7 za mwanzo kwa majeraha makubwa. Ile dawa ya kupunguza kuvuja damu, asidi ya traneksamiki, ilithibitishwa na utafiti wa kimataifa uliotoka mwaka 2019: inasaidia walio na jeraha dogo na la kati wenye damu kwenye picha, ikitolewa ndani ya saa 3. Ndiyo hiyo saa uliyoiandika mkononi.

Deksamethazoni na ndugu zake, dawa za kundi la steroidi, zilikuwa zinatolewa kwa mazoea "kupunguza uvimbe". Utafiti wa mwaka 2004 wenye wagonjwa zaidi ya 10,000 ulionyesha kwamba waliopewa dawa za kundi hilo walikufa zaidi. Ukisikia inapendekezwa kwa ajili ya jeraha la kichwa, una haki ya kuuliza kwa heshima, "Daktari, hii ni ya nini?"

Hatua ya 9: Karuhusiwa, au hakuwa na dalili: usiku wa kwanza

Asilale peke yake. Kuna wanaosema asilale kabisa mpaka kupambazuke. Hao nao wamezidisha. Usingizi haumdhuru. Kinachodhuru ni kulala bila mtu wa kumwamsha. Mwamshe kila nusu saa kwa saa 2 za kwanza, kisha kila saa kwa saa 4, kisha kila baada ya saa 2 mpaka asubuhi. Kuamka maana yake afungue macho, ataje jina lako, akubane vidole kwa mikono yote miwili. Kuguna na kugeukia ukutani hakuhesabiki. Andika kila saa uliyomwamsha. Watu wawili wapokezane, maana mlinzi mmoja husinzia.

Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ya duka la dawa zisitumike siku hizo, zinaongeza uwezekano wa kuvuja damu. Hakuna pombe. Hakuna dawa za usingizi. Dalili yoyote ya ile orodha ikitokea, hakuna kusubiri jogoo.

Hatua ya 10: Wiki zinazofuata

Mtikisiko wa ubongo huisha kwa wengi ndani ya siku 10 hadi 14. Kwa watoto unaweza kuchukua mpaka wiki 4. Siku 2 za kwanza ni za kupumzika, simu kidogo, kelele kidogo. Kisha arudi polepole: kutembea, kazi nyepesi, ndipo nzito. Asiendeshe pikipiki wala kupanda mti mpaka kizunguzungu kiishe kabisa. Kama ni wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, mwingine abebe mashine. Mchezaji aliyegongana vichwa uwanjani atoke, hata kama ni fainali na anaapa yuko sawa. Kugongwa tena kabla hajapona ni hatari kubwa zaidi ya mara ya kwanza.

Atakuwa na hasira za haraka, atasahau, hatalala vizuri, mwanga utamkera. Mke atasema amebadilika. Nyumba nyingine huanza kutafuta mganga wa mashetani wakati huu. Ni ubongo unapona, na kwa walioumia sana unaweza kuchukua miezi, pamoja na mazoezi tiba ya viungo na kufundishwa kuongea upya. Degedege ikianza miezi baadaye, nayo ina dawa.

Sasa wazee. Uzeeni ubongo husinyaa kidogo na vishipa vinavyouunganisha na utando hunyooka kama uzi uliovutwa. Mzee akiteleza chooni na kujigonga ukutani, kishipa kimoja hukatika na damu huvuja tone kwa tone. Wiki ya kwanza hana kitu. Wiki ya tatu au ya tano anaanza kuburuta mguu, anamwita mjukuu kwa jina la marehemu, anajikojolea. Familia inasema ni uzee, au ni kiharusi. Damu hiyo ya kale, iliyogeuka kuwa kama mafuta meusi, mara nyingi hutolewa kwa tundu dogo au mawili tu, na mzee anaweza kuanza kukutambua tena baada ya siku chache. Kwa hiyo mzee akibadilika ghafla, ulizeni nyumba nzima, hasa watoto maana wao ndio huona: aliwahi kuanguka? Mkipata jibu, mwambieni daktari tarehe hiyo, hata kama ilikuwa kabla ya mnada wa kwanza wa korosho.